UZI: Kadi ya maktaba na majarida ya upigaji picha: namna ya kupata makala zikiwa na picha zake

Kiza na Nuru (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila mtu akiuliza humu asome wapi kuhusu upigaji picha, anaelekezwa kwenye video. Video zina kazi yake, sizibezi. Ila ukitaka kujua kwa nini mpigapicha fulani alichapa kazi yake kwenye karatasi ile na si nyingine, nani walimpinga wakati wake na kwa hoja gani, au negativu ya kioo inatunzwaje isiharibike, hayo yameandikwa kwenye majarida. Na majarida hayo mengi yamo kwenye maktaba, yanasomeka hata kwa simu, ukishajua pa kuingilia.

Naanza na kilichonifikisha hapa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa najifunza sayanotaipu, zile picha za buluu zinazochapwa kwa mwanga wa jua. Njia hiyo ilivumbuliwa na John Herschel mwaka 1842, na mwaka uliofuata Anna Atkins akaanza kuitumia kutoa kitabu chake cha picha za mwani. Nikaona makala juu ya Atkins kwenye tovuti moja inayouza makala, nikailipia. Nikapewa maandishi matupu. Kila palipopaswa kuwa na picha palikuwa na kisanduku cha kijivu na maelezo kwamba picha imeondolewa. Siku chache baadaye nikaingia kwenye tovuti ya maktaba ambayo nina kadi yake miaka nenda rudi. Makala ileile ipo, bure, kurasa zimepigwa skani kama zilivyochapwa, na buluu ya Atkins imo yote. Fedha niliisahau mapema. Kilichobaki moyoni ni kwamba ningeweza kuishia kwenye ile nakala ya kwanza nikaamini nimeisoma.

Ndiyo maana nasema kutafuta makala za upigaji picha si sawa na kutafuta za uchumi au sheria. Kule ukipata maneno umepata makala. Huku maneno bila picha ni kama kusimuliwa sura ya mtu usiyemwona. Basi katika kila hatua nitakayoeleza, swali ni lilelile: je, picha zipo?

Naendelea kwenye posti inayofuata, msikatize kwanza.

Kiza na Nuru (mleta uzi)

Ukifungua tovuti ya maktaba utakuta kisanduku kikubwa cha kutafutia katikati ya ukurasa. Wengi wetu tunakimbilia hapo, tunaandika "photography", yanamwagika matokeo ya kila aina: uchunguzi wa macho hospitalini, picha za satelaiti, maelezo ya kamera za ulinzi, tangazo la kitabu. Unasoma ukurasa wa kwanza, unachoka, unafunga.

Kuna mlango wa pili, mara nyingi uko pembeni kwa maandishi madogo: orodha ya majarida kwa alfabeti. Kwenye tovuti za Kiingereza utaiona imeandikwa "Journals A–Z" au "E-journals". Huku huandiki mada, unaandika jina la jarida. Mimi siku hizi naanzia hapo, kwa sababu makala za mambo haya zimejikusanya kwenye majarida machache, na ukiyajua kwa majina umeshaokoa nusu ya muda wako.

Nitaje ninayoyategemea. Kwa historia, "History of Photography", lililoanzishwa na Heinz Henisch mwaka 1977. Ukitaka kujua studio ya karne ya 19 ilifanyaje kazi, anzia hapo. Kwa mijadala ya sasa juu ya picha na jamii kuna "photographies" na "Photography & Culture", yote mawili yalianza 2008, kisha "Philosophy of Photography" likafuata 2010. Haya ni ya wasomi, lugha yake nzito, mengine yananichukua jioni mbili kwa makala moja na sijutii.

Halafu kuna yale ambayo wapigapicha waliyaandika wao wenyewe, na haya ndiyo nayapenda kuliko yote. "Aperture" lilianzishwa mwaka 1952 na kundi lililokuwa na Ansel Adams, Dorothea Lange, Barbara Morgan na Minor White. Ukisoma matoleo ya mwanzo unawasikia wakibishana picha ni nini hasa. "British Journal of Photography" lina umri mkubwa zaidi, lilianzia Liverpool mwaka 1854. "The Photographic Journal" la chama cha Royal Photographic Society la mwaka 1853, na chama chenyewe kimeyaweka matoleo ya zamani mtandaoni ukayapekue bila malipo. Na "Camera Work" la Alfred Stieglitz, lililotoa namba hamsini kati ya 1903 na 1917. Hilo halihitaji hata kadi: maktaba ya Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, imelipiga skani na kuliweka wazi kwa yeyote.

Ukibofya jina la jarida kwenye orodha ya maktaba, usikimbilie linki ya kwanza. Utaona jarida moja lina linki tatu au nne, na kila moja ina tarehe zake. Moja inatoa kuanzia toleo la kwanza hadi leo. Nyingine inaanza miaka ya 1990 na inakoma mwaka mmoja na nusu uliopita, kwa sababu mchapishaji anazuia matoleo mapya kwa muda. JSTOR, ile hazina ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, wana utaratibu wao: kwa majarida yao mengi matoleo ya karibuni hayapo, pengo ni miaka mitatu hadi mitano kwa kawaida, na kila mwaka linasogea mbele. Mtu asiyejua hili anaikosa makala ya mwaka jana kwenye linki ya pili, anasema maktaba haina, wakati iko kwenye linki ya kwanza juu ya hiyo.

Karibuni kwa maswali.

KadiMpya

Mkuu asante sana, nimesoma yote. Mimi si mwanafunzi wa chuo chochote, napiga picha za harusi na za watoto. Nimejiandikisha maktaba ya umma mwezi huu tu. Nikibofya makala naambiwa nilipie. Kadi ya umma inafaa kweli kwa haya au ni mambo ya vyuo?

Kiza na Nuru (mleta uzi)

Inafaa, ndugu yangu, ila angalia unaingilia wapi. Ukitoka Google ukaenda moja kwa moja kwenye tovuti ya mchapishaji, mchapishaji hakujui, anakuona mpita njia, anakupa bei. Anza kwenye tovuti ya maktaba, ingiza namba ya kadi na namba ya siri, halafu ndani humo bofya jina la hifadhidata, yaani mkusanyiko wa makala mtandaoni. Hapo maktaba inakutambulisha: anwani kwenye kivinjari inabadilika kidogo, na mchapishaji anaona ombi limetoka maktaba iliyolipia. Ukiona bei imerudi katikati ya safari, ujue umetoka nje ya mlango huo bila kujua. Rudi uanze tena.

Kweli maktaba za umma hazinunui kila kitu ambacho vyuo vinanunua. Lakini nyingi zina hifadhidata ya jumla kutoka kampuni kama EBSCO, ProQuest au Gale, na humo majarida ya sanaa yamo. Nyingi pia zina Libby au PressReader, programu za kusomea kwa simu, kwa magazeti ya kawaida ya kamera, na haya unayasoma ukurasa kwa ukurasa, picha zote zimo, rangi zote. Kwa kazi yako ya harusi ningeanza na hayo. Makala nzuri ya namna ya kuutumia mwanga wa dirisha haina haja ya kutoka kwenye jarida la chuo.

Ukikwama kabisa, fungua akaunti binafsi ya JSTOR. Ni ya bure na inakuruhusu kusoma mtandaoni makala 100 kila siku 30, bila taasisi yoyote nyuma yako. Majarida ya wazi kabisa, yaani ya kusoma bure, yameorodheshwa DOAJ, orodha ya mtandaoni iliyopo tangu 2003.

Lenzi 50

Kiongozi, kwa heshima, naona unazunguka sana. Google Scholar unaandika mada yako, inakuja, kulia kuna linki ya PDF, umemaliza. Mimi sijaingia tovuti ya maktaba miaka mitatu.

Kiza na Nuru (mleta uzi)

Sikupingi kwamba inasaidia, naitumia karibu kila siku. Tena nikuongezee: ndani ya mipangilio yake kuna sehemu ya kuongeza maktaba zako, hadi tano. Ukishaziongeza, pembeni ya makala ambayo maktaba yako inayo inatokea linki ya maktaba. Basi unapata vyote viwili. Na kuna kiendelezi cha kivinjari kinaitwa Unpaywall, kikikuta nakala halali ya bure kinawasha kufuli la kijani.

Ninapotofautiana nawe ni mahali pawili. Kwanza, Google Scholar imejengwa kwa makala za kitaaluma. Mahojiano na mpigapicha, uhakiki wa maonyesho, maoni ya magazetini ya miaka ya 1860 yakilalamika kwamba Julia Margaret Cameron, mpigapicha wa Uingereza, hajui kulenga lenzi, hivyo havionekani humo sawasawa, wakati katika fani yetu hivyo ndivyo vyenye nyama. Pili, ile PDF ya kulia mara nyingi ni rasimu ambayo mwandishi ameiweka mwenyewe, na rasimu hizo huwekwa bila picha, kwa sababu mwandishi aliruhusiwa kutumia picha kwenye jarida tu. Umesoma makala ngapi hivyo ukadhani mwandishi hakuweka picha?

Lenzi 50

Hilo la rasimu sikulijua. Nimerudi kuangalia folda yangu sasa hivi, nina PDF mbili zimeandikwa "Kielelezo 1", "Kielelezo 2" na chini yake hakuna kitu. Nilidhani faili lilikatika wakati wa kupakua. Sawa mkuu, endelea.

Mama Albamu

Wanangu, nimewasoma kwa furaha. Mimi ni mkutubi, nimekaa dawati la kuhudumia wasomaji miaka mingi, na kwa upande wa sanaa swali linalonijia zaidi ni hili la picha. Mleta uzi ameeleza milango vizuri. Naomba niongeze juu ya maneno ya kutafutia, kwa sababu naona wengi mnakosa vitu vilivyopo kwa kuita kwa jina ambalo vyenyewe havilijui.

Kwanza kifupi: andikeni "photograph*" na kinyota mwishoni. Hifadhidata nyingi zitawaletea photograph, photographs, photographer, photographic na photography kwa mpigo. Msikate mapema mkaandika "photo*", mtaletewa na usanisinuru wa mimea. Google Scholar haifuati kinyota, kwa hiyo huko andikeni neno zima. Jina lenye maneno mawili au matatu lifungeni kwa alama za kunukuu. Mkiwa na majina mawili ya kitu kimoja, yaungeni kwa OR ya herufi kubwa, mfano "cyanotype OR blueprint", kisha ongezeni neno la picha ili michoro ya wasanifu majengo isiwafunike.

Sasa kubwa. Kila hifadhidata nzuri ina wataalamu wake walioisoma kila makala na kuipa vichwa vya mada. Katalogi nyingi hutumia vichwa vya maktaba ya Library of Congress ya Marekani, na huko upigaji picha wa kisanaa umeandikwa kinyumenyume, "Photography, Artistic", na mkato katikati. Picha za watu ni "Portrait photography". Usihangaike kukariri. Tafuta makala moja tu unayoijua kuwa ni nzuri, fungua maelezo yake, shuka chini hadi vichwa vya mada, bofya kimoja. Itakuletea ndugu zake wote, hata wale ambao kichwa cha makala hakina neno ulilolifikiria. Njia hii nimewafundisha watu wengi kuliko nyingine yoyote, na ndiyo wanayorudi kunishukuru.

Halafu majina ya watu. Chukueni mfano wa Seydou Keïta wa Bamako. Alifungua studio mwaka 1948, akapiga picha za watu wa mji wake kwa miaka. Ukiandika jina lake leo unapata mengi. Lakini mwaka 1991 picha zake zilipoonyeshwa New York, ziliandikwa kwamba mpigapicha hajulikani. Maonyesho yake mwenyewe ya kwanza yalikuja 1994, Paris. Kwa hiyo mwandishi wa kabla ya hapo aliyezigusa picha hizo hakuwa na jina la kuandika, na hifadhidata haiwezi kukupa jina ambalo halikuandikwa. Tafuteni mji, studio, miaka, aina ya picha: Bamako, Mali, "studio portrait", 1950s. Na jarida lake si la upigaji picha hata kidogo, ni "African Arts", lililoanza 1967. Wapigapicha wetu wengi wamo kwenye majarida ya sanaa, historia na elimu ya jamii, si kwenye yale yenye neno picha kwenye jalada.

Kuhusu jina lenyewe, andika Keita bila nukta mbili juu, kisha rudia ukiziweka. Hifadhidata nyingine hazitofautishi, nyingine zinatofautisha. Nadar naye, mpigapicha wa Ufaransa wa karne ya 19, jina lake halisi ni Gaspard-Félix Tournachon, makala za zamani zinaweza kumtaja kwa lolote kati ya hayo.

KadiMpya

Shikamoo Mama Albamu. Hili la Keïta limenigusa sana. Sikujua picha zile ziliwahi kutembea bila jina lake.

Swali: nimeona kisanduku cha kuweka alama ya tiki, kwamba niletewe makala zilizopitiwa na wataalamu tu. Niweke?

Mama Albamu

Marahaba mwanangu. Ukiandika tasnifu, weka, mwalimu wako atakudai. Ukitaka kujifunza kazi ya picha, usiweke. Tiki ile inaondoa mahojiano, uhakiki wa maonyesho, insha za wapigapicha, magazeti yote ya ufundi. Inaweza kukuondolea "Aperture" lote zima. Inaondoa pia karibu kila kilichoandikwa karne ya 19, maana utaratibu wenyewe wa kupitia makala kama tunavyoujua haukuwa wa kawaida wakati huo.

Badala yake tumia kichujio cha aina ya makala. Chagua "review" na jina la mpigapicha, utapata jinsi maonyesho yake yalivyopokelewa mwaka ule ule. Hiyo ni hazina.

Kiza na Nuru (mleta uzi)

Mama Albamu umenifundisha na mimi, hilo la "review" nilikuwa silitumii.

Nirudi kwenye picha kama nilivyoahidi. Kwenye hifadhidata nyingi makala moja hutolewa kwa sura mbili: maandishi ya ukurasa wa tovuti, yaani HTML, na PDF. Ile ya kwanza inavutia kwa simu, herufi zinakua, unaweza hata kusomewa kwa sauti. Lakini ndiyo inayoongoza kwa kupoteza picha. Mchapishaji amekabidhi maneno tu, picha ni mali ya mpigapicha au makumbusho na haikuruhusiwa kuhamia kwenye hifadhidata. PDF iliyopigwa skani kutoka kwenye karatasi ndiyo nayoitafuta kwanza. Inaonyesha ukurasa kama ulivyotoka kiwandani: picha ilikaa upande gani, ilikatwa wapi, ilipewa ukurasa mzima au kona, ilitazamana na nini. Kwa mtu anayepiga picha, mpangilio huo ni somo lenyewe.

Lakini hata PDF ina daraja. Majarida mengi ya zamani yalipigwa skani kwa nyeusi na nyeupe tupu, bila kijivu katikati. Maandishi yanasomeka vizuri sana, picha zinakuwa madoa ya wino. Ukikuta hivyo, usikate tamaa: makala umeshaipata, sasa itafute picha peke yake. Chukua maelezo yaliyo chini ya picha, jina, mwaka, makumbusho inayoimiliki, uiangalie kwenye tovuti ya makumbusho hiyo. Mkusanyiko wa picha uliokuwa ukiitwa Artstor sasa umo ndani ya JSTOR, tovuti yake ya zamani ilifungwa mwaka 2024. Mimi nafungua madirisha mawili, makala kushoto, picha safi kulia, nasoma hivyo. Inachukua muda, na sijapata njia bora zaidi.

Kwa picha za habari: gazeti la LIFE la kila wiki, kuanzia 1936 hadi 1972, limo Google Books kurasa zote, na matangazo yake. Matoleo mengi ya "Popular Photography", lililoanza 1937, nayo yapo hapo. Maktaba nyingine zimelipia National Geographic kutoka Gale, kuanzia toleo la kwanza la 1888. Muulize mkutubi wako, mara nyingi vitu hivi vipo na havijatangazwa popote.

Sahani ya Kioo

Wakuu samahani kuingilia. Mimi natafuta mambo ya kutunza albamu na negativu za familia, zimeanza kushikana na kutoa harufu ya siki. Majarida yote mliyotaja ni ya sanaa. Hili linakaa wapi?

Mama Albamu

Harufu ya siki ni filamu ya asetati inayooza, mwanangu, na moja ikianza inaziambukiza za jirani. Zitenge leo na uziweke mahali pa baridi na pakavu, kusoma kutafuata. Ukitafuta andika "vinegar syndrome", ndilo jina lake hata kwa wataalamu. Makala zake utazikuta kwenye majarida ya uhifadhi, kama "Journal of the American Institute for Conservation". Usitafute kwenye hifadhidata ya sanaa peke yake, ongeza za kemia na za ukutubi. Na picha za karatasi zilizoshikana usizibandue kwa nguvu kabla hujasoma.

Sahani ya Kioo

Nimezitenga tayari, mama. Asante. Jina hilo limefungua kila kitu, siku tatu nilikuwa natafuta kwa maneno ya "harufu mbaya".

Lenzi 50

Nina la kuuliza na nitanyamaza. Nimepata maelezo ya makala kwenye hifadhidata inaitwa Art Index, kila kitu kipo, mwandishi, juzuu, kurasa, lakini hakuna pa kufungua. Nimebonyeza kila mahali.

Mama Albamu

Hujakosea. Hiyo ni faharasa, inakuambia makala ipo wapi bila kukupa makala yenyewe. Art Index inaanzia mwaka 1929, na kwa vitu vya zamani haina mshindani wa karibu. "ARTbibliographies Modern" nayo ni ya namna hiyo. Watu wanazikimbia kwa kuwa hazifungui, wanapoteza. Chukua jina la jarida ulilopewa, rudi kwenye ile orodha ya alfabeti ya mleta uzi, angalia kama maktaba yako inalo kwa mwaka huo.

Kama halimo, kuna kuazimana baina ya maktaba. Unajaza fomu, maktaba yako inaiomba maktaba nyingine, unatumiwa skani ya makala. Hapa nawaomba sana, kwa sababu nimeona watu wakilia: kwenye sehemu ya maelezo andika kwamba makala ina picha, naomba ipigwe skani kwa rangi au kwa kijivu. Usipoandika, mhudumu anaweza kubonyeza nyeusi na nyeupe kwa kuwa faili linakuwa dogo, na utaletewa yale madoa ya wino. Andika pia ISSN ya jarida, ile namba ya tarakimu nane, maana yapo majarida yanayofanana majina.

Kiza na Nuru (mleta uzi)

Na ukishaipata ihifadhi pamoja na taarifa zake. Zotero ni programu ya bure, inachukua PDF, jina la jarida, juzuu na kurasa kwa bonyezo moja. Nimewahi kuwa na mafaili mengi yenye majina ya namba tupu, na makala moja nzuri ya uchapaji wa platinamu sijaiona tena hadi leo.

KadiMpya

Nimerudi wakuu, siku nne baadaye. Kadi imefanya kazi, nilikuwa naingilia nje ya mlango kama mleta uzi alivyosema. Nimesoma gazeti moja la kamera Libby, na nimepata mambo mawili ya mwanga ambayo nitayatumia Jumamosi.

Lakini nimekaa zaidi kwenye ile "Camera Work" ya Heidelberg. Nimefungua namba ya mwisho, ya Juni 1917, picha za Paul Strand. Ile ya mwanamke asiyeona, mwenye kibao shingoni, nilikuwa naijua kutoka mtandaoni kwa jina la "Blind Woman". Kwenye jarida lenyewe haina jina hilo. Imeandikwa tu kwamba ni picha, New York. Nikamkumbuka Mama Albamu na majina yake. Sasa nataka kujua watu waliandika nini juu ya picha hizo mwaka huohuo, kabla hazijawa maarufu. Nianzie wapi?

Mama Albamu

Art Index haitakusaidia, mwanangu, inaanza 1929. Kwa mwaka 1917 ingia kwenye majarida yenyewe. Anza na "The Photographic Journal" na "British Journal of Photography" ya 1917 na 1918. Usitafute jina la picha, umeshaona halikuwepo. Tafuta "Strand", na "Stieglitz", na "Camera Work". Kama skani haitafutiki kwa maneno, nenda kwenye faharasa ya mwaka, huwa imefungwa mwanzoni au mwishoni mwa juzuu, uisome kwa macho. Ni kurasa chache tu. Ukipata chochote kilete hapa na ukurasa wake, nami nitaangalia kwenye juzuu za karatasi tulizonazo stoo.

KadiMpya

Naanza usiku huu na juzuu ya 1917.